Kicheko Kabla ya Hoja: Hotuba ya Conan O'Brien kwa Wahitimu wa Dartmouth

Mgeni rasmi wa mahafali hukabidhiwa kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Wasikilizaji wake wana furaha lakini hawana subira: wahitimu wamekaa muda mrefu ndani ya majoho, wazazi wanangojea jina moja tu lisomwe, na kila aliyepo anajua kabla hotuba haijaanza kwamba ataambiwa afuate ndoto zake, asiogope kushindwa na asikate tamaa. Maneno hayo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba yamesemwa mara nyingi mno na watu ambao maisha yao hayaonyeshi kama waliwahi kuyahitaji, kwa hiyo msikilizaji huyapokea kwa makofi ya heshima na kuyasahau kabla hajavua joho.

Vyuo vikuu vya Marekani vimejaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuwaalika wachekeshaji. Katika mwaka 2011 peke yake, Stephen Colbert aliwahutubia wahitimu wa Northwestern, Amy Poehler akazungumza na wale wa Harvard, na Conan O'Brien akapanda jukwaani katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire. Maelezo ya kawaida kuhusu mialiko ya aina hii ni kwamba mchekeshaji huwachangamsha watu kwanza ili nasaha zipenye baadaye, yaani utani ni kiburudisho na ujumbe ndio kazi yenyewe. Naona maelezo hayo yanaudunisha utani. Katika hotuba iliyotungwa kwa ustadi, utani ni sehemu ya kwanza ya hoja, na ukiuondoa, sehemu ya pili haisimami. Hotuba aliyoitoa O'Brien tarehe 12 Juni 2011 inalionyesha jambo hilo kuliko hotuba nyingine yoyote ya mahafali ninayoifahamu, na ndiyo nitakayoichambua kwa kirefu.

Tuanze na kicheko chenyewe. Makofi hutolewa kwa adabu, na aghalabu hayasemi lolote juu ya yale yaliyomo moyoni mwa anayeyapiga. Kicheko ni vigumu kukitoa kwa adabu, hasa pale ambapo maelfu ya watu wanacheka kwa pamoja. Ili mtu acheke dhihaka, lazima kwanza atambue kwamba ndani yake mna jambo la kweli, hata likiwa limetiwa chumvi nyingi. Akishalitambua, mwili wake unakiri kabla yeye mwenyewe hajaamua kukubali au kukataa. Kwa hiyo kila kicheko ni kukiri kudogo, kunakofanyika hadharani mbele ya waliokaa kulia na kushoto, kwamba mzungumzaji ameona sawasawa. Mzungumzaji wa kawaida huomba kuaminiwa mara moja tu, mwishoni, anapofikia nasaha zake. Mchekeshaji anapofika hapo amekwisha kukubaliwa mara nyingi juu ya mambo madogo, na wasikilizaji wamezoea kumpa kibali.

Lakini kukubaliwa juu ya nini? Hapa ndipo O'Brien alipoonyesha kwamba anaijua kazi yake. Nyuma yake jukwaani aliketi George H. W. Bush, rais wa zamani wa Marekani na rubani wa kivita wa Vita vya Pili vya Dunia, ambaye siku hiyo alikuwa akitunukiwa shahada ya heshima. O'Brien hakulipita jambo hilo kwa salamu za itifaki. Aliwaambia wasikilizaji kwamba nyuma yake ameketi rais anayeheshimika sana na shujaa wa vita, ilhali aliyechaguliwa kusimama na kutoa hekima ni yeye, mtangazaji wa kipindi cha mahojiano katika televisheni ya kebo. Kisha akaomba asije akashuhudia ushahidi mbaya kuliko huo wa jinsi mambo yalivyoharibika Marekani.

Hebu tumfikirie mzazi aliyelipa ada ya miaka minne na ambaye pengine alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kwa nini chuo kimemleta mchekeshaji. Swali lake limesemwa na mshitakiwa mwenyewe, kwa ukali kuliko ambavyo yeye angethubutu, na sasa hana tena la kulalamikia. Hilo ni jambo la wazi, na wazungumzaji wengi hujaribu kuliiga kwa kujishusha kidogo mwanzoni mwa hotuba zao. Lisilo wazi sana ni kwamba O'Brien alijiita mtangazaji wa kebo. Mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile alikuwa akiendesha The Tonight Show ya kituo cha televisheni cha NBC, kipindi ambacho kwa miongo kadhaa kilihesabiwa kuwa kilele cha kazi ya uchekeshaji wa televisheni nchini humo, na kuhamia kebo kulitazamwa na wengi kama kuporomoka. Jeraha ambalo angelifunua dakika kadhaa baadaye lilikuwa limekwisha kutajwa katika sentensi zake za mwanzo kabisa, likiwa limevikwa vazi la utani. Waliocheka walikuwa wameanza kulizoea bila kujua.

Baada ya kujishusha mwenyewe alizishusha shahada. Aliwapongeza wahitimu kwa kupata kitu ambacho ni asilimia 92 tu ya Wamarekani wa umri wao watakipata, akawaeleza kwamba sasa wana faida kubwa dhidi ya asilimia 8 iliyobaki, wale walioacha chuo kama Bill Gates, Steve Jobs na Mark Zuckerberg. Takwimu hiyo ni uongo wa makusudi, kwa kuwa wakati ule ni takriban watu wazima 3 kati ya 10 tu nchini Marekani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu. Ila hofu iliyofichwa chini yake ilikuwa ya kweli kabisa. Wahitimu wale walikuwa wameingia chuoni mwaka 2007, wakasoma katikati ya msukosuko wa kifedha wa mwaka 2008, na siku ya mahafali yao kiwango cha ukosefu wa ajira nchini kilikuwa kama asilimia 9. Aliwadhihaki kwa jambo lililokuwa likiwanyima usingizi, na kwa kuwadhihaki hivyo aliwaonyesha kwamba analijua. Wazazi nao walipata fungu lao: wale ambao hawakuwaona watoto wao kwa miaka minne, alisema, sasa watawaona kila siku wakipanda kutoka chumba cha chini ya nyumba kuja kulalamika kwamba intaneti haifanyi kazi.

Kisha akakigeukia chuo chenyewe. O'Brien alihitimu Harvard mwaka 1985, ambako aliliongoza jarida la vichekesho la wanafunzi, Harvard Lampoon, na hakuwaacha wenyeji wake wasahau hilo. Alivifananisha Harvard, Yale na Princeton na kaka wakubwa wenye majivuno, wanaopenda kutaja majina ya watu maarufu wanaowajua, na Dartmouth na mdogo wao anayejiamini ambaye anajua kuandaa sherehe. Kwa mgeni kuingia katika nyumba ya watu na kuwaambia kwamba wao ni wadogo ni hatari, na mzungumzaji asiye na ujuzi angeharibu siku hapo hapo. Kwa nini basi walicheka na kushangilia? Kwa sababu dhihaka ile isingeweza kuelekezwa kwa chuo kingine chochote. Ukimsifu mtu kwa sifa zinazomfaa kila mtu, umemwonyesha kwamba hukujisumbua kumtazama. Ukimdhihaki kwa jambo ambalo ni lake peke yake, umempa uangalifu ambao sifa za jumla haziwezi kumpa. Alilitania hata jukwaa lao lililotengenezwa kwa mfano wa kigogo cha mti. Mtu aliyetumia muda kuchunguza samani za wenyeji wake hakuja na hotuba aliyokwisha kuisoma kwingine.

Hadi hapo, sehemu kubwa ya muda imepita na hakuna nasaha hata moja ya maana iliyotolewa, isipokuwa zile za mzaha kuhusu chunusi za ukubwani. Msikilizaji mkali anaweza kusema kwamba huu ni upotevu wa wakati. Lakini katika muda huo uhusiano mzima umebadilika: aliyekuja kama mgeni mashuhuri sasa ni mtu anayekubali kuchekwa, na waliokuja kama wasikilizaji wa adabu sasa ni washiriki ambao wamekuwa wakimjibu kila baada ya sentensi mbili tatu.

Ndipo akafanya jambo ambalo wazungumzaji wa mahafali hulifanya kwa nadra sana: alijirekebisha hadharani. Aliwakumbusha kwamba mwaka 2000 aliwahi kuwahutubia wahitimu wa Harvard na kuwaambia wasiogope kushindwa, na kwamba tangu hapo hakuwa amezungumza kwenye mahafali yoyote kwa kuwa alidhani hana la kuongeza. Sasa alikuja na nyongeza: ingawa hawapaswi kuogopa kushindwa, wajitahidi kwa nguvu zao zote kuepuka kushindwa huko. Akamtaja Nietzsche na kauli yake maarufu kwamba kisichokuua hukutia nguvu, akaongeza kwamba mwanafalsafa huyo alisahau kusisitiza kwamba kitu hicho hukaribia kukuua. Watu walicheka, na katika kucheka kwao nasaha iliyochakaa kuliko zote ilirudishiwa uzito wake, kwa sababu aliyeisema mwanzo alikuwa ameilipia gharama katikati ya hotuba hizo mbili.

Gharama yenyewe inajulikana. O'Brien alikuwa na NBC tangu mwaka 1993, alipokabidhiwa kipindi cha Late Night. Mwaka 2004 kituo hicho kilitangaza kwamba angemrithi Jay Leno katika The Tonight Show, naye akaanza tarehe 1 Juni 2009. Haikutimia miezi minane: Januari 2010 NBC ilitaka kumrudisha Leno katika muda wa awali na kukisogeza kipindi cha O'Brien hadi baada ya saa sita usiku, naye akakataa na kuondoka. Yote haya yalitokea mbele ya macho ya umma, yakiandikwa magazetini kila siku.

Namna alivyoliingia simulizi hilo inastahili kuangaliwa kwa makini. Alisema kwamba mzungumzaji wa mahafali ya chuo kama hicho huchukuliwa moja kwa moja kuwa mtu aliyefanikiwa, lakini kwamba yeye alikuwa amepata pigo kubwa la kukatishwa tamaa mbele ya watu wote. Alitoka katikati ya mtandao wa mambo, akajikuta nje yake, kisha chini ya meza ambayo mtandao huo umekaa juu yake, kisha ndani ya manyoya ya zulia lililo chini ya meza hiyo. Na hapo, mfano ukiwa umemponyoka kabisa, akakiri kwamba yale yalikuwa maafa ya kazi na pia mfano mbovu sana. Mzungumzaji wa kawaida angetangaza mabadiliko ya sauti: angetulia, angeshusha macho, angewaandaa watu kwa uzito unaokuja. O'Brien aliubeba utani hadi ndani ya maumivu yenyewe, hivyo hakuna aliyepata nafasi ya kujikinga. Vichekesho vilianza kupungua baadaye, kimoja kimoja, na ukimya uliofuata ulisikika. Katika hili mchekeshaji ana nyenzo ambayo profesa au waziri hana, kwani kwao ukimya wa ukumbi ni hali ya kawaida.

Sehemu inayonukuliwa zaidi ya hotuba hii ni ile aliposema kwamba kushindwa kwetu kuifikia picha tuliyojiwekea ndiko kunakotutambulisha na kutufanya tusiwe kama wengine. Sentensi hiyo imesambazwa mno, na ikisimama peke yake inafanana na zile zinazochapwa kwenye mabango ya ofisini. Kilichoifanya iaminike pale Dartmouth ni mlolongo uliotangulia. Katika miaka ya 1940, alieleza, Jack Benny alikuwa mchekeshaji mkubwa, na kijana mmoja kutoka Nebraska, Johnny Carson, alitamani kuwa kama yeye; alimwiga, akashindwa kuwa Benny, na katika kushindwa huko akawa Carson. David Letterman alitaka kuwa Carson, hakuweza, na uchekeshaji wa televisheni ukabadilika kwa sababu hakuweza. Kizazi cha O'Brien kilitaka kuwa Letterman, na hakuna hata mmoja wao aliyefanikiwa. Hii ni hoja kamili, yenye mifano inayofuatana na hitimisho linalotokana nayo. Zaidi ya hayo, inamhamisha O'Brien kutoka katika nafasi ya mhanga wa NBC na kumweka katika ukoo wa watu waliokosea shabaha na kupata kitu kingine. Anayeinukuu sentensi na kuuacha mlolongo amechukua hitimisho na kuiacha hoja.

Hata hivyo, hoja hiyo ina tundu, na heshima kwa hotuba haitulazimishi kulifumbia macho. Benny, Carson, Letterman na O'Brien wote ni watu waliofanikiwa kupita kiasi. Mlolongo hauwataji maelfu ya vijana waliotaka kuwa Benny, wakashindwa, na wasiwe chochote kinachojulikana na umma. Kumwambia mhitimu kwamba kukosa shabaha humfanya mtu kuwa yeye mwenyewe, kwa kutumia mifano ya waliokosa shabaha wakatua mahali pa juu, ni kumwonyesha upande mmoja tu wa matokeo. Kuna pia fedha: makubaliano ya O'Brien ya kuondoka NBC yaliripotiwa sana kuwa na thamani ya takriban dola milioni 45, zikiwemo zilizokwenda kwa wafanyakazi wake. Mhitimu mwenye deni la masomo hakatishwi tamaa kwa namna hiyo.

Je, hilo linaifanya hotuba kuwa ya udanganyifu? Sidhani. O'Brien hakudai kwamba alikuwa maskini wala kwamba kila anayeanguka huinuka. Dai lake lilikuwa finyu zaidi: kwamba hakuna kazi maalumu inayopaswa kumtambulisha mtu, na kwamba yeye alikuwa ameishi miaka mingi akiamini kinyume chake. Fedha haziwezi kulikanusha dai hilo. Pengine zinalitia nguvu, kwa kuwa zinaonyesha mtu aliyelipwa vizuri na bado akajiona amepotea. Lakini tundu la mifano linabaki, na utani ndio ulioisaidia hadhira isilione. Mtu aliyecheka kwa robo saa hana mwelekeo wa kuuliza sampuli imechaguliwa vipi.

Mwigizaji wa vichekesho Jim Carrey alilikaribia tundu hilo kutoka upande wa pili. Mwaka 2014, akiwahutubia wahitimu wa Maharishi University of Management mjini Fairfield, jimbo la Iowa, alimzungumzia baba yake, ambaye kwa maelezo ya Carrey angeweza kuwa mchekeshaji mkubwa lakini hakuamini kwamba hilo linawezekana, akachagua usalama wa kazi ya uhasibu, na akaipoteza kazi hiyo Carrey akiwa na umri wa miaka 12. Funzo alilolitoa ni kwamba mtu anaweza kushindwa hata katika jambo asilolipenda, hivyo ni afadhali ajaribu analolipenda. Hapa mfano si wa mshindi, na kwa hiyo unabana zaidi: hauahidi kwamba ujasiri utalipa, unasema tu kwamba woga nao haukulipa. Kama hoja, nauona kuwa mkali kuliko chochote alichokisema O'Brien. Kama hotuba, nzima kwa nzima, ya Carrey inalegea. Inahama kuelekea tafakuri za kiroho na uzinduzi wa mchoro wake mkubwa jukwaani, mambo yaliyoifaa hadhira ya chuo kilichojengwa juu ya mafunzo ya kutaamali lakini ambayo hayategemei kile kisa cha baba.

Mchekeshaji na mwanamuziki Tim Minchin, akitunukiwa shahada ya heshima na University of Western Australia mwaka 2013, alikwenda mbali zaidi na kuwaambia wahitimu kwamba hawalazimiki kuwa na ndoto yoyote kubwa. Hiyo nayo ni njia ya kuipata imani ya hadhira: kuikana waziwazi nasaha waliyoitarajia.

Uwezo huu wote, hata hivyo, una sharti ambalo mara nyingi husahauliwa. Tarehe 12 Mei 2024 mchekeshaji Jerry Seinfeld alialikwa Chuo Kikuu cha Duke, na alipotambulishwa baadhi ya wahitimu waliinuka na kutoka nje, wengine wakiwa na bendera za Palestina, kwa kuupinga msimamo wake wa kuiunga mkono Israel wakati wa vita vya Gaza. Waliobaki walicheka na kumshangilia, na hotuba yenyewe, iliyowasihi wasipoteze uwezo wa kucheka, haikuwa na kasoro ya ufundi. Ila ufundi haukuwa na nafasi kwa wale waliotoka. Mchekeshaji anaweza kuondoa shaka inayotokana na cheo, umri au umaarufu wake, kwa sababu hayo anaweza kuyadhihaki mwenyewe. Shaka inayotokana na upande aliouchukua katika mgogoro haiondoki kwa kujidhihaki, kwa kuwa anayeishikilia hamwoni kuwa na majivuno. Anamwona kuwa amekosea. O'Brien hakuwa na tatizo hilo. Aliyemkosea alikuwa kampuni kubwa ya televisheni, na si rahisi kupata hadhira ya vijana wa miaka 22 itakayoitetea kampuni dhidi ya mfanyakazi wake.

Alimaliza kwa kuirudia kauli aliyoiaga nayo NBC Januari 2010: fanya kazi kwa bidii, uwe mwema, na mambo ya ajabu yatatokea. Alisema kwamba hajawahi kuiamini kuliko siku ile, na hakusema kwamba imethibitika. Leo ni rahisi kumkubalia, kwa sababu tunayajua yaliyofuata: podikasti iliyoanza mwaka 2018 na kumletea wasikilizaji wapya, kipindi chake katika kituo cha kebo cha TBS kilichodumu hadi Juni 2021, kisha mwaka 2025, alipokabidhiwa Tuzo ya Mark Twain ya uchekeshaji na pia kuendesha hafla ya Oscar. Wahitimu wa Dartmouth hawakuwa na lolote kati ya hayo. Kipindi cha TBS kilikuwa kimeanza Novemba 2010, na siku ya mahafali kilikuwa na miezi saba, karibu umri uleule ambao The Tonight Show yake ilifikia kabla ya kukatizwa. Walikuwa wakimsikiliza mtu ambaye huenda angepoteza tena, na wakamwamini kwa yale tu aliyowaambia asubuhi ile.